Kuyafuatilia Maji ya Tana Ukiwa Mombasa, Kabla Hujapakia Lori

Mimi nauza maembe soko la Kongowea. Mto Tana haupiti Mombasa, lakini pesa zangu hupita juu yake. Maembe ninayonunua Mpeketoni na Witu lazima yavuke bonde la Tana, pale Lango la Simba na Gamba, ndipo yashike barabara ya Garsen na Malindi hadi huku. Novemba 2023 barabara ile ilifunikwa na maji, na masika ya 2024 ikafunikwa tena. Walionusurika ni waliojua mapema.

Mimi nilijifunza kabla ya hapo, na kwa hasara. Vuli moja nilisikia redioni kwamba bwawa la Masinga bado lina nafasi. Nikasema basi, mto umetulia. Nikatuma kanta, lori langu dogo. Siku ya pili dereva akanipigia: "Bosi, huku hakupitiki, maji yako juu ya lami." Tulikaa siku tatu. Maembe yaliiva ndani ya kreti, na yaliyofika Kongowea niliwauzia watu wa juisi kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nimeuliza swali lisilofaa. Swali si "bwawa limejaa?" Swali ni "maji yanayokuja ni ya wapi, na sasa hivi yamefika wapi?"

Yafuatayo ni mambo ninayofanya sasa. Yanamfaa msafirishaji, mwenye shamba bondeni, na yeyote mwenye jamaa kando ya mto.

Hatua ya kwanza: ujue mto wenyewe

Tana ina mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana, yale ya Seven Forks. Ukishuka na mto utakutana nayo hivi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Hayakujengwa kwa mpango huo. Kindaruma ndilo la kwanza, 1968. Masinga lililo juu kabisa lilimalizika 1981, na Kiambere 1988. Lenye tumbo kubwa ni Masinga: lilijengwa kubeba mita za ujazo karibu bilioni 1.56. Kiambere linafuata kwa mbali, milioni 585. Matatu ya katikati ni madogo. Yanachopokea ndicho yanachopitisha. Kwa hiyo Masinga likimwagika, usitarajie la kati likuzuilie kitu. Yule wa mwisho anayeweza kuyakawiza maji kidogo ni Kiambere, na chini yake hakuna bwawa jingine kubwa hadi baharini.

Na hapa ndipo nilipoumia. Chini ya Kiambere mto haujamaliza kupokea. Mutonga, Kathita na Ura hushuka kutoka Mlima Kenya na Nyambene na kuingia Tana baada ya bwawa la mwisho. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka, maji hayo hayapitii bwawa lolote. Masinga linaweza kuwa nusu, na Garissa watu wanahama. Ongeza laga, yaani vijito vya msimu, za upande wa Kitui na Garissa, ambazo zikiwa kavu hupita mbuzi na zikijaa hubeba lori. Kwa hiyo mahali pa kutazama mvua ni pawili: juu ya Masinga, yaani Aberdare na upande wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, na chini ya Kiambere, yaani Meru na Tharaka. Taarifa ya Idara ya Hali ya Anga ikitoka, wengi husoma mstari wa Pwani pekee. Mvua ya Pwani haikuambii lolote kuhusu Tana. Mombasa kunaweza kuwa na jua la kuchoma nazi huku barabara ya Lamu imezama.

Hatua ya pili: kimo cha bwawa kisome kwa hesabu

Msimu wa mvua ukikolea utasikia tarakimu: Masinga imefika mita 1,054, Masinga imefika 1,056. Usidhani hicho ni kina cha maji. Ni urefu kutoka usawa wa bahari, bahari hii hii ya Kilindini. Unachohitaji ni tofauti kati ya tarakimu hiyo na kimo cha kujaa. Masinga hujaa kwa mita 1,056.5. Kiambere hujaa kwa mita 700.

Tuseme umesikia 1,054. Imebaki mita mbili na nusu. Ziwa la Masinga likikaribia kujaa lina upana wa takriban kilomita za mraba 120, kwa hiyo kila mita moja ya juu hubeba karibu mita za ujazo milioni 120, au pungufu kidogo. Mita mbili na nusu ni kama milioni 290. Sasa tuseme yanayoingia yanazidi yanayotoka kwa mita za ujazo 500 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata milioni 43. Gawanya: una takriban siku saba kabla ya kumwagika. Mvua ikizidi maradufu, una siku tatu na kitu.

Wengi wetu hatuna tarakimu ya maji yanayoingia. Haidhuru. Andika kimo cha leo, andika cha kesho, uone kimepanda sentimita ngapi kwa siku. Kama ni sentimita 40 kwa siku na zimebaki mita mbili na nusu, ni siku sita. Hesabu ya duka.

Sikiliza pia neno lililotumika. "Linamwagika" na "milango imefunguliwa" si kitu kimoja. Bwawa likimwagika, maji yamepita ukingo yenyewe na huongezeka polepole jinsi ziwa linavyopanda. Milango ikifunguliwa, maji mengi hutoka kwa saa chache, na aliye karibu chini ya bwawa huyaona yakija kama mtu aliyesukumwa. Sisi wa huku mbali mshtuko huo hutufikia umelainika, lakini wenye mashamba karibu na Kiambere wasiusubiri.

Hatua ya tatu: pata mtu mmoja Garissa na mmoja Garsen

Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi huiita WRA, ina vituo vya kupimia mto, na cha Garissa ndicho jicho la watu wote wa chini. Hatari ikikaribia, taarifa hutolewa na KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mitambo ya mabwawa hayo, na serikali za kaunti. Msalaba Mwekundu wana namba 1199, haina malipo. Google nao wana ramani iitwayo Flood Hub inayoonyesha makadirio ya siku hadi saba mbele. Mimi huitazama, lakini hayo ni makadirio ya kompyuta, na kompyuta haijui mlango wa bwawa utafunguliwa saa ngapi.

Vyote hivyo havizidi mtu anayeuona mto kwa macho yake kila siku. Garissa nina mteja wa mbuzi aliye karibu na daraja. Juu kidogo ya Garsen nina shemeji yangu, na huyo ndiye tuliyesimika naye boriti za kupimia mto.

Hatua ya nne: simika kipimio chako

Kazi hii ni ya siku moja na inataka msimu wa kiangazi, mto ukiwa chini.

Kwanza ongea na chifu na chama cha watumiaji maji wa sehemu hiyo. Usigongee kitu nguzo ya daraja. Hiyo ni mali ya barabara, na isitoshe maji hujipinda kwenye nguzo na kukupa kimo cha uongo. Tafuta mahali mto umenyooka, ukingo mmoja ni mgumu, na maji hayazunguki. Mamba na kiboko wamo Tana. Asiingie mtu majini kufanya kazi hii.

Tulitumia boriti za mkoko, zile zile za kuezekea. Zinavumilia maji na mchwa kuliko mbao za kawaida, na Pwani hazikosi. Usitafute boriti moja ndefu. Gogo likipita litaivunja. Simika tatu au nne fupi, kila moja mita moja na nusu juu ya ardhi, zikipanda ukingo kama ngazi, ya chini karibu na maji ya kiangazi na ya juu karibu na mahali mafuriko yaliwahi kufika. Wazee watakuonyesha, au tazama tope lililokauka kwenye magamba ya miti. Mahali boriti moja inapoishia, inayofuata iwe imeshaanza.

Usawa wa boriti hadi boriti unapatikana kwa ile paipu ya plastiki inayoonyesha maji ndani, ambayo mafundi wa ujenzi hutumia kupata levo. Mtu mmoja ashike ncha huku, mwingine kule, maji yakitulia mmelingana. Kipimo kiwe kimoja kinachoendelea: kama boriti ya kwanza inaishia mita 1.40, ya pili ianze na tarakimu hiyo pale pale mlipolingana. Sifuri iwe chini ya maji ya kiangazi kikali kabisa, usije ukaandika hasi siku moja. Rangi iwe ya mafuta, nyeupe kwa nyeusi, mstari kila sentimita 10, namba kubwa kila nusu mita, isomeke kutoka ukingoni kwa mwanga wa tochi.

Halafu jambo linalosahaulika: weka alama moja mahali pasipotikisika, mbali na mto. Sisi tulitumia kizingiti cha zege cha msikiti. Pima kizingiti kiko juu ya sifuri kwa mita ngapi, uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mafuriko yakipita boriti zitakuwa zimeinama, na bila alama hiyo huna njia ya kuzirudisha.

Nionye hapa kuhusu bahari. Usisimike kipimio Kipini wala Ozi ukadhani unapima mto. Huko maji ya mto yenyewe hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Wakulima wa mpunga wa Ozi wamelijua hilo tangu zamani. Bahari ikijaa huyasukuma maji matamu ya mto, nao huyaruhusu yaingie mashambani. Ni akili nzuri ya kilimo, lakini siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, boriti yako itakuambia mafuriko yamekuja kumbe ni mwezi. Hata hapa kwetu, mito ya Kombeni na Mwache ikifika kwenye mikoko si mito tena, ni hori za bahari.

Hatua ya tano: daftari

Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, saa zile zile. Saa ni muhimu kwa mto wenye mabwawa, kwa sababu mitambo ya umeme huzungushwa zaidi jioni watu wanapowasha taa na kupika, na maji ya chini ya bwawa hupanda na kushuka kwa kufuata hayo. Ukisoma leo asubuhi na kesho jioni utaona mabadiliko ambayo ni ya umeme, si ya mvua. Garsen ni mbali mno kuyaona wazi, lakini mazoea mema hayana hasara.

Andika tarehe, saa, kimo, mvua ilinyesha au la, na rangi ya maji. Rangi si pambo. Maji yaliyokaa ndani ya bwawa huacha tope lake humo, hutoka yamepauka. Maji ya laga na ya Tharaka huja mekundu mazito, na magogo, mabua na nyasi juu yake. Mto mrefu huchota tope jipya njiani, kwa hiyo usiape kwa rangi peke yake. Lakini maji yakibadilika ghafla kuwa mekundu na takataka zikaanza kuelea katikati ya mto, hayo hayakutoka Masinga.

Simu zetu za asubuhi huwa fupi. Mfano mmoja:

"Shemeji, salama?"

"Salama, bwana. Mto umeamka."

"Uko wapi?"

"Jana jioni mbili na kumi. Leo asubuhi mbili na thelathini na tano."

"Rangi?"

"Nyekundu. Na magogo."

Sentimita 25 kwa saa 12, kama mbili kwa saa. Kimo chenyewe kilikuwa bado cha kawaida. Mbio zake ndizo zilinitia wasiwasi. Nikampigia wa Garissa, akasema kwake maji yanazidi kupanda. Maana yake kilichofika kwa shemeji kilikuwa ncha ya mbele tu, mwili wenyewe uko nyuma. Siku hiyo sikupakia.

Hatua ya sita: hesabu siku za safari ya maji

Usimwamini mtu anayekupa namba moja ya siku kutoka bwawani hadi Garsen. Itafute mwenyewe. Kila mafuriko, andika siku maji yalipofika kilele Garissa, na siku yalipofika kilele kwenye boriti yako. Ukitoa, ndiyo safari. Baada ya misimu miwili mitatu utakuwa na namba yako.

Utaona namba haikai mahali pamoja, na kuna sababu. Maji yakiwa ndani ya kingo hukimbia. Yakipanda juu ya kingo huzurura: huingia mashambani, misituni, kwenye mabwawa ya asili, na yale ya nyuma huyakuta ya mbele bado yametanda. Kwa hiyo mafuriko makubwa yanaweza kuchelewa kuliko madogo, kilele chake kikafika kimepungua, lakini yakakaa wiki nyingi. Msafirishaji asiyejua haya huona siku zimepita, barabara bado kavu, akasema hatari imekwisha. Andika kando siku za maji madogo na siku za maji makubwa.

Tena usiyazungumze mafuriko kama balaa tupu mbele ya watu wa huko. Mpokomo wa mpunga na Muorma wa ng'ombe huyasubiri. Tangu mabwawa yawekwe, mafuriko ya kiasi yamepungua, na kuna mwaka shemeji alikuwa akinipigia kulalamika kwamba boriti ya pili haijawahi kuloa.

Hatua ya saba, kwa anayetaka zaidi: wingi wa maji

Kimo hakisemi ni maji kiasi gani yanapita. Kwa Tana yenyewe kazi hii waachie wenye boti na vyombo. Lakini ni vizuri kuielewa, na mto mdogo unatosha. Mimi nilijifunzia Kombeni, juu kule Rabai ambako bahari haifiki, siku maji yakiwa chini ya magoti.

Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10. Funga kamba kukata mto, pima kina kila baada ya mita moja. Tuseme mto una upana wa mita 6 na vina vitano vya katikati ni mita 0.2, 0.4, 0.5, 0.4 na 0.2. Jumla yake mara mita moja ni mita za mraba 1.7, huo ndio uwazi maji yanamopita. Sasa tupa chungwa. Chungwa ni bora kuliko chupa tupu kwa sababu huzama karibu lote, upepo hauliendeshi. Limetumia sekunde 20 kumaliza mita 10: nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza mchanga, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.425. Mara 1.7, ni mita za ujazo 0.72 kwa sekunde. Yaani lita 720. Bauza la maji la lita 10,000, haya yanayohangaika Kisauni kila bomba likikauka, lingejaa kwa sekunde 14.

Rudia kwa vimo tofauti, uchore kwenye karatasi ya grafu, kimo upande mmoja na wingi upande mwingine, na baadaye kimo peke yake kitakupa wingi. Ila mto wa mchanga huhamisha sakafu yake. Kila mafuriko makubwa yakipita mchoro wa zamani huanza kudanganya, na lazima upime upya.

Kupakia au kutopakia

Mimi natumia sheria zangu tatu. Mto ukipanda Garissa kwa siku mbili mfululizo, naagiza mzigo mdogo na kanta irudi siku ile ile. Ukipanda Garissa na kwa shemeji pia, situmi kitu kuvuka Gamba, hata kama lami ni kavu wakati huo. Maembe yakishakuwa ng'ambo, nayatoa usiku huo huo hata kama hayajakamilika kreti.

Maji yakishuka usiwe wa kwanza. Lami inaweza kuonekana nzima huku udongo wa pembeni na wa chini umeshaliwa. Subiri lori nzito za wengine zipite siku moja.

Na shemeji huwa na kazi yake wiki hiyo: kukwangua tope kwenye namba, kutoa nyasi zilizonasa, kisha paipu ya levo kutoka kizingiti cha msikiti hadi boriti ya kwanza. Mara ya mwisho ilikuwa imezama sentimita nne. Tukazipunguza kwenye daftari lote la mwezi huo, kwa kalamu nyekundu.